Vinyundo vya Piano ya Baba

Jumatatu, 4 Agosti
Nimefika nyumbani Rangwe kutoka Awendo, ninakofundisha. Shule zimefungwa. Baba hainuki tena kitandani. Nimemlisha uji, nikapangusa vumbi kwenye piano yake, nikapiga wimbo mmoja wa kanisa. Kutoka chumbani akasema, "Unatwanga mahindi." Nina miaka arobaini na saba. Bado inauma.

Jumanne, 5 Agosti
Kanirudia somo lile lile, kwa pumzi fupi. Vinanda vya zamani vilidonoa nyuzi, sauti ikabaki moja, upende usipende. Fundi mmoja wa Italia akaweka vinyundo vidogo, ili kidole kiamue: pole, au kwa nguvu. Hata jina kamili la piano, pianoforte, yaani pole-kwa-nguvu, linataja yote mawili. "Wewe ulisoma nusu ya jina, ile ya nguvu," akasema. Amefundisha kwaya maisha yake yote, na hajawahi kunisifu. Nataka anisifu kabla hajaenda. Ni aibu kuandika hivi, lakini ndivyo.

Alhamisi, 7 Agosti
Mchwa wamepanda mguu wa piano. Nilimwonyesha kaka yangu Otieno, kisha nikaenda Homa Bay kuchukua dawa za Baba. Kurudi, nyumba inanuka gereji. Otieno amemwaga oili chafu ya gari, ile tunayopaka nguzo za ua. Amemwaga hadi ndani. Sufu ya vinyundo imelowa, imekuwa nyeusi tititi.
"Si hiyo ndio dawa ya mchwa, dada? Nguzo zangu bado ziko sawa."
Nimemtukana. Kisha nikaenda nyuma ya jiko kulia.

Ijumaa, 8 Agosti
Kufuta kwa matambara kutwa nzima. Wapi. Sauti inatoka kama ya mtu anayeongea ndani ya blanketi. Baba hatujamwambia. Pua yake haisikii harufu tena, afadhali.

Jumapili, 10 Agosti
Baba ameomba wimbo. Nimekataa mara mbili. Mara ya tatu sikuweza. Nikapiga kwa nguvu zangu zote, vidole vikaniuma, natafuta sauti tu. Nilipoingia chumbani alikuwa na machozi.
"Nyathina, mwanangu. Leo umepiga pole. Mwishowe umenielewa."
"Asante, Baba."


Jumanne, 12 Agosti
Baba ameenda. Saa tatu asubuhi, chai bado mkononi mwangu. Siwezi kuandika.

Jumapili, 24 Agosti
Tulimzika jana. Viti vya kukodi vimerudishwa. Otieno hajala vizuri tangu msiba. Anaona alimharibia mzee siku zake za mwisho. Leo tukiosha sufuria ameniuliza kama Baba alisema lolote kuhusu piano.
Nikamwambia alisema nimepiga vizuri kuliko siku zote.
"Kwa hivyo haikuharibika sana," akasema.
"Haikuharibika."
Akavuta sufuria nyingine, akaanza kuisugua.