Toba ya Baba Neema

Jumanne, 4 Juni
Tunapiga maharage tangu asubuhi. Vumbi tupu, pua imeziba. Baba Neema kaanguka na pikipiki jana akitoka mnadani Endasak. Kagonga kichwa, kasimama, kajipangusa, kacheka. Hata mchubuko hana. Leo kapiga maharage kidogo tu, kaenda kulala. Kazi yote yangu! Nimekasirika.

Alhamisi, 6 Juni
Kainuka mezani, kayumba, kashika ukuta. Katapika nyuma ya zizi. Mwanga unamuumiza, sauti ya mtoto inamuudhi. Dalili hizi nazijua. Aliacha pombe Neema alipozaliwa, sasa mnada umemrudisha. Nimemnusa akiwa usingizini. Hakuna harufu. Nikajiambia ametafuna kitu cha kuificha.

Jumamosi, 8 Juni
Jana baba yangu alipita. Baba Neema kasimama haraka kumwamkia, shikamoo ikaishia njiani, kaanguka miguuni pa mkwe wake. Mzee kageuza uso. Jamani, aibu! Leo nimekwenda mwenyewe kwa wazee wa kanisa. Nimewaambia mume wangu amerudia pombe.

Jumapili, 9 Juni
Ametubu mbele ya usharika. Kabla hatujatoka nyumbani aliniuliza, "Mama Neema, hivi kweli nilikunywa? Sikumbuki."
Nikamjibu, "Ulikunywa." Kwa ukali, kama niliyekuwepo. Basi kasimama mbele, kasema alilewa, kaomba msamaha. Akirudi kwenye benchi kayumba, watu wakacheka. Mimi shingo juu, mke mwema.

Jumanne, 11 Juni
Kaanguka tena, kisimani. Jirani katupeleka hospitali Katesh kwa pikipiki. Daktari kampima presha akiwa amelala, kisha amesimama. Kauliza kama aligonga kichwa. Kaeleza: fuvu ni zima, ila ubongo ulitikisika, na mishipa yake bado haijarudia kazi ya kusawazisha damu. Akiinuka haraka, damu haipandi vizuri, ndiyo kizunguzungu. Kusahau nako ni pigo hilo hilo. Apumzike, ainuke taratibu, atapona.
Kisha kauliza kuhusu pombe. Baba Neema, kwa adabu zote: "Nilikunywa siku ile."
Nilitamani ardhi inimeze. Nikasema hakunywa. Nikasema ni mimi niliyemwambia.

Ijumaa, 14 Juni
Nimeungama kwa mchungaji. Nilitaka anifokee. Hakunifokea. Kasema nitasema mwenyewe, mbele ya watu, kama mwenzangu alivyosema.

Jumapili, 16 Juni
Nimesimama pale pale aliposimama. Nimesema hakunywa, nilimsingizia. Sauti ilikatika, nikarudia ili wa nyuma wasikie. Baba yangu alikuwepo. Hakuna aliyecheka.
Wimbo ukaanza, wote wakasimama. Baba Neema kabaki kwenye benchi, mikono magotini, kama daktari alivyoagiza. Nami nikakaa.
"Kwa hiyo sikunywa?" kaniuliza.
"Hukunywa, Baba Neema."
Njiani kauliza tena. Nikamjibu tena.