Ulisema Nane

Zuhura, mdogo wangu,

Rehema ametimiza miaka minne na ana mdomo wako. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kizungu, kisha ananirekebisha matamshi mbele za watu. Ungecheka sana. Wewe ndiye uliyekuwa ukiniambia kwamba tangu nipate kazi kwenye nyumba ya wazee kule New Hope, Kiingereza changu kinapita puani, na nikizungumza na wazungu hata shingo naigeuza. Nilikuwa nakasirika, kumbe ulikuwa umeniona vizuri.

Nimemwambia Salim. Mumeo sasa anajua kilichotokea chumbani siku ile uliporuhusiwa kutoka hospitali baada ya kumzaa Rehema. Wewe ulikuwepo, lakini hukuelewa nilichosema, maana nilikisema Kiingereza, nawe hata mwaka hukuwa umeumaliza Minnesota. Hilo ndilo linalonitafuna.

Nesi aliuliza kama tunataka mkalimani kwa simu. Nikamjibu hakuna haja, mimi ni dada yake. Wakalimani wa Kiswahili wa mji huu si ndio hao hao tunaokutana nao harusini? Sikutaka mtu asikie habari za damu yako na maziwa yako, halafu zimfikie Mama huko Likoni kabla sijampigia mimi. Basi nesi akauliza kichwa kinauma kiasi gani, kuanzia sifuri mpaka kumi. Ukaniambia, "Nane, dada. Na macho yanaona vimulimuli." Nikamgeukia nesi nikasema nne. Amechoka tu, nikasema, hajalala.

Wallahi sikukusudia ubaya. Kazini nilikuwa nimesikia wanavyosemwa wanawake weusi wanaotaja kumi, kwamba wanajitia, wanatafuta dawa za kulewea. Nilitaka wakuone mtu mwenye adabu zake. Nilikuwa nakustiri, Zuhura. Nilikustiri mpaka ukafa.

Nyumbani nikakuweka ndani kama mzazi anavyowekwa kwetu. Nikakupikia uji wa pilipili manga, nikakukanda kwa maji ya moto. Miguu ilipovimba nikasema ni uzazi huo, utapungua. Asubuhi ya tatu nilikuwa jikoni nakoroga uji nikakusikia unaniita, mara moja tu. Nilipofika ulikuwa umeshaanza kutetemeka. Ambulensi haikuchelewa. Daktari alisema ni presha ya uzazi, na kwamba huweza kumpata mama hata mtoto akishatoka. Mimi niliyekuwa napima presha za wazee kila siku sikukupima wewe hata mara moja.

Baada ya mazishi nilishikwa na hasira, na hasira ikanipeleka Saint Paul kwa kina mama weusi wanaotetea wajawazito na wazazi wenzao. Anayewaongoza ni mkunga aliyemzika binti yake mwenyewe. Hawakuniuliza natoka wapi. Walinivutia kiti tu. Wakanifundisha kusimama mbele za watu, mimi niliyekuwa nikijificha nyuma hata kwenye maulidi. Nimezungumza misikitini na makanisani, nimezungumza hata mbele ya wabunge wa jimbo. Nilisema hawakukusikiliza. Na ni kweli, maana presha yako ilipimwa mara mbili ikawa juu, wakaiandika wakaenda zao. Mashine haihitaji mkalimani. Lakini kila nilipoikaribia ile nane yako, niliiruka. Watu walilia, wakanikumbatia, nami nikawaacha wanikumbatie.

Halafu mwezi uliopita, baada ya mazungumzo pale New Hope, alinifuata dada mmoja wa Kisumu, mjamzito wa miezi minane. Kiingereza anajua cha dukani tu. Akaniomba nimsindikize kliniki nikamsemee. "Mkalimani wao simtaki," akasema, "hao wata-share story yangu kwa kila mtu. Wewe ni mtu wetu."

Maneno yangu yale yale. Nilikaa chini, pale pale sakafuni. Nikamwambia achukue mkalimani, aliyeapa kutunza siri, na nikamwambia kwa nini. Yeye ndiye mtu wa kwanza kusikia.

Kesho yake nikaenda Plymouth, kwenye ghala anakofanyia kazi Salim. Nilimkuta kwenye gari lake anakula chakula cha mchana. Nilijua anaweza kuninyima Rehema, ambaye wikendi zote huwa kwangu, na sina mwingine. Nikasema yote. Akauliza neno moja tu, "Nane?" Nikasema ndiyo. Akafunga chakula chake, akarudi ndani.

Wiki tatu hakumleta. Nilifua nguo zake zilizokuwa safi. Nilikwenda Roseville nikamnunulia viatu, nikarudi nimekaa navyo mapajani kwenye basi kama mjinga. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye, ningefanya hivyo hivyo.

Jumapili mlango ukagongwa. Salim alikuwa amembeba Rehema begani, mtoto anachemka homa. Hakunisalimia. "Nimeitwa kazini," akasema. "Sikio linamuuma. Muulize mwenyewe, na akisema, useme alichosema." Akanikabidhi mtoto na kibegi chake.

Nikampakata mwanao. Nikamuuliza linauma kiasi gani, mpaka kumi. Akalia, "Ten, Mama Mkubwa. It's ten." Roho yangu ya zamani, sikufichi, ilitaka kumwambia jikaze, mwanangu. Nikapiga simu kwa daktari. Nikasema kumi.

Sasa amelala hapa ubavuni mwangu, dawa imemtuliza. Alhamisi narudi mbele ya wabunge, na safari hii Salim amesema atakuja kusikiliza. Sijui kama atanisamehe. Wewe pia sijui, na siwezi kukuuliza. Lala salama, mdogo wangu. Popote nitakapolitaja jina lako, nitasema ulisema nane.

Dada yako,
Mwanasha