Kulabu Mpya ya Kacyiru

Ramadhani, ndugu yangu,

Kisima cha Kacyiru kimetoa maji. Kila asubuhi tukipanda kile kilima wewe ulikuwa unaniuliza, "Swaibu, leo tutalowana?" Basi tumelowana. Wenzetu walishangilia. Mimi nilikwenda kukaa nyuma ya lori.

Tulimalizia kwa kulabu mpya ya kuinulia mabomba. Ililetwa kutoka Dar es Salaam wiki ile ile tuliyokuzika. Chuma cha pua, kizito, hakina hata mkwaruzo. Nilipofungua sanduku nikaiona, nikalifunga tena.

Ile ya zamani ilikuwa na ufa shingoni. Tuliuona pamoja, tukamwita patroni, bosi wetu. Akasema, "Kuna vita, barabara ya Uganda imefungwa, vipuri haviji. Chomeleeni." Tukamwambia haitabeba mabomba yote yale. Akasema asiyetaka kazi aende nyumbani. Wewe ulikuwa na Zaina na watoto, mimi nina mama. Tukachomelea. Ikakatika mabomba yakiwa juu, na wewe uko chini yake.

Patroni alikuja matangani, Rama. Alikaa mkekani kwenu Biryogo, akala wali wa watu, kisha akawaambia wazee, "Alisimama mahali pasipofaa." Nikamjibu mbele ya wote, "Alisimama pale ulipomweka." Baba yako mdogo akanishika mkono, akaniambia nipunguze sauti. Nikapunguza. Mpaka leo inaniuma.

Patroni hakunifukuza siku ile. Alinihitaji mpaka maji yatoke. Yalipotoka, aliwaleta wakubwa kutoka ofisini, wakapiga picha bombani, na jina lako halikutajwa. Jioni akaniambia kesho nisirudi. Sasa nafunga mizigo sokoni.

Zaina anashona kwa kaka yake, Nyamirambo. Amekonda. Juzi aliniuliza, "Shemeji, aliumia sana?" Nikamwambia hapana, hukujua hata kilichokupata. Wewe unajua ilivyokuwa. Mimi ndiye niliyekushika. Tuliache hapo.

Watoto wako nitawaangalia kadiri nitakavyoweza, na wakikua nitawaeleza nilichokiona kwa macho yangu, si kile walichoambiwa wazee.

Kwaheri, Rama. Ijumaa nitakuja kung'oa majani kaburini na kukuombea dua. Najua ungeniambia nimsamehe yule mtu. Usiniambie. Hilo siliwezi.

Swaibu wako