Mmelala kwa Jina Langu Njia Nzima

Mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam

Dada yangu Mwanahawa,

Shikamoo. Natumaini ule mguu umepoa, na mvua ya huko Mchinga haijaingia tena jikoni kwako. Mimi nakula, nalala, kazini nakwenda. Panaponiuma si mwilini. Barua yako aliyoileta kondakta nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nimesimama, ya pili nikakaa, ya tatu nikampa fundi mwenzangu anisomee, nikidhani labda ni macho yangu yananitukana.

Kwa hiyo Zainabu ameolewa. Alhamdulillahi. Na kilemba cha mjomba amefungwa Bakari.

Bakari ni ndugu yetu, mtoto wa mama mdogo, simkatai. Lakini mama alizaa wawili tu, wewe na mimi, na kwetu sisi mtoto ni wa mjomba. Marehemu shemeji alikuwa akitaka kumchapa Zainabu ananiuliza kwanza. Leo binti anatolewa nyumbani, na anayemtoa hajui hata jino lake la kwanza lilikwenda wapi. Nililirusha mimi juu ya paa, likavuka nyumba tatu.

Acha nikueleze ilivyokuwa, maana naona uliambiwa nusu. Alikuja hapa gereji Shomari, kaka wa bwana harusi. Nilikwambia mkweo ana kaka mwenye maneno matamu, ukasema nina wivu. Alikuja na lori lake jipya, jipya la Dubai, maana siku hizi za ruksa ya kuagiza mali kila mtu analeta chuma kilichochakaa kwa wenzake anakiita kipya. Akaniambia, "Mjomba, bwana harusi yuko Lindi na duka lake, sisi nduguze ni watu wa Temeke. Tukivuka Mbagala tumepotea."

Nikamwambia, "Kaa chini." Nikachana mfuko wa saruji, ile karatasi ngumu, nikamchorea safari nzima.

Si kila mtu anaweza kuipanga njia ile. Nilimwambia siku ya kwanza msilazimishe kivuko, laleni Ikwiriri kwa Mama Hadija mwenye hoteli ya mabati, ana vitanda vya kamba na mchuzi wa kambale. Asubuhi ndiyo mvuke Rufiji, viboko wakiota jua, akina mama waone. Nikamsimulia siku kiboko alipokwama chini ya pantoni letu akalisukuma mpaka ng'ambo, nahodha akazima injini kuokoa mafuta. Siku ya pili mlale Somanga, mle samaki, lakini lori liacheni juu penye mchanga mgumu. Siku ya tatu mkipita Tingi na Miteja msikimbie hata barabara ikinyooka, maana ndovu hukatiza. Mimi nilishuka nikamwambia mmoja, "Shikamoo babu, tuna mgonjwa," akatupisha, tena akatuondolea na mti ulioziba mbele. Shomari alicheka akashika tumbo. Halafu Nangurukuru mchepuke, mkalale Kilwa Masoko. Ni kuzunguka, najua, ila nilitaka watu wa Temeke wasimame pale ufukweni wayaone magofu ng'ambo ya maji, wajue wanaoa kwa watu waliokuwa na mji zamani. Siku ya nne, mchana kweupe, Mchinga.

Kila kituo niliandika jina la mwenyeji, na chini yake: semeni mmetumwa na Saidi wa lori la korosho. Karatasi nikabaki nayo wiki nzima kuikamilisha, ndipo Shomari akaja kuichukua.

Tukaagana tukutane Ijumaa baada ya sala, Mbagala Rangi Tatu. Nilishona kanzu. Nilifika asubuhi, na begi, na mkeka wa Zainabu. Sala ikapita. Muuza kahawa akaniuliza, "Mzee, unamsubiri nani?"

"Lori la harusi. Mimi ndiye ninayewaongoza."

Akamimina kahawa polepole. "Lile lenye turubai la kijani, akina mama wanaimba? Limepita jana alfajiri. Walikunywa hapahapa. Mama mmoja akauliza, na yule mjomba? Mwenye lori akasema karatasi yake tunayo, yeye wa nini, atatumaliza masikio mpaka Lindi. Akasema tena, kumbe hata dereva hakuwa. Alikuwa utingo."

Nilikunywa kahawa yake, dada, nikalipa. Basi la kusini lililofuata halikuondoka, mvua ilikuwa imekata njia Nyamwage, nyuma yao. Nikarudi Gerezani na mkeka wa Zainabu kichwani.

Sasa unaniandikia kwamba walipofika bila mimi uliuliza, wakakwambia nimebanwa na kazi, nimetoa idhini. Ukaamini. Ndugu yako anatoa idhini kwa mdomo wa mtu wa Temeke, na wewe usijiulize. Halafu ukaongeza, naona kwa nia njema, kwamba shughuli ilikwenda vizuri, hapakuwa na maneno mengi. Hilo nimelisoma kuliko yote.

Na eti kunifurahisha, ukanipa habari za safari yao. Kwamba Mama Hadija aliwapa vitanda vyote, wageni wengine wakalala chini. Kwamba Somanga walikataliwa kununua samaki, wakapewa bure. Kwamba Masoko waliwashiwa taa ya kandili na kuwekewa maji ya kuoga, na kila walipofika walisema wametumwa na Saidi, milango ikafunguka. Dada, waambie hao: mmelala kwa jina langu njia nzima, kisha mlipofika mlangoni kwangu mkalisahau.

Utingo nilikuwa, ndiyo. Usukani niliushika lori likiwa limezimika. Lakini dereva hukaa juu. Anayeshuka kwenye tope akawaomba watu majembe na magogo, akala kwao, akajua majina ya watoto wao, ni utingo. Ndiyo maana milango ilifunguka. Shomari apite mwaka ujao kwa jina lake, tuone atalala wapi.

Nisalimie Bakari, mwambie kilemba kimkae, sikidai. Msalimie shangazi wa Zainabu aliyepika, na bwana harusi, ambaye sina neno naye kwa sababu alikuwa Lindi dukani kwake. Jirani yako aliyepotelewa na mbuzi mpe pole.

Ninachotaka ni kimoja. Umesema Shomari aliiacha ile karatasi kwako, kwa kuwa njia ya kurudi ameshaijua, na wewe umefunikia mtungi wa maji. Iondoe, dada, wino ule hauvumilii unyevu. Igeuze. Upande wa nyuma hauna barabara, kwa hiyo najua hawakuusoma. Ni maneno niliyokuwa nimwambie Zainabu mlangoni, siku ya kumtoa. Nimeyaandika wiki nzima, nikikata na kuanza tena. Humo hamna kiboko wala ndovu.

Usiyasome wewe. Mpelekee Lindi, asome mwenyewe.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Saidi
utingo wa lori la korosho