Ndiyo, Daktari

Kwako Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, pamoja na wale watoto wa chekechea wanaokumaliza sauti kila siku. Mimi sijambo, nimenenepa kidogo, na kabla hujauliza, ndiyo, nakula kwa wakati. Najua utashangaa kupokea barua wakati simu ipo. Kwenye simu mdomo wangu hugeuza kila kitu mzaha, na safari hii nina jambo lisilotaka mzaha. Lakini niache kwanza nijisifu, maana nimeisubiri nafasi hii kwa miezi sita.

Dada, nimefaulu! Mdogo wako, yule mliyemwita Redio kwa sababu hazimiki, sasa ni mtetezi wa wagonjwa mwenye cheti chenye muhuri na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Tulianza kumi na wanne, tumemaliza tisa. Nilipoacha kuuza vipuri vya magari, baba mdogo alisema naacha mbachao kwa msala upitao. Mwambie msala huu haukupita, nimeukalia.

Watu wengi hudhani nitakuwa wakili. Kazi yetu ni kukaa upande wa mgonjwa. Akiingia kwa daktari tunaingia naye, tunahakikisha ameambiwa anachougua, ameuliza anachotaka kuuliza, na anatoka akijua la kufanya. Dawa hatuandiki, na ushauri wa tiba hatutoi. Tulisomea kwenye chumba kilichokuwa cha kufulia mashuka ya hospitali. Mabomba bado yamo ukutani, na mvua ikinyesha chumba kizima hunukia sabuni. Mwalimu wetu ni muuguzi mstaafu, mama mwembamba asiyecheka ovyo. Siku ya kwanza alituambia kwamba swali baya kuliko yote hospitalini ni kumwuliza mgonjwa kama ameelewa, kwa kuwa kila mtu hujibu ndiyo. Nani anataka kuonekana mjinga mbele ya koti jeupe? Akatufundisha kumwomba mgonjwa aeleze kwa maneno yake mwenyewe atakachofanya akifika nyumbani. Nilidhani ni mchezo wa kitoto, kumbe! Kwenye mazoezi alinirudisha mwanzo mara kumi na moja, akisema nazungumza mno, mgonjwa wangu hapati hata nafasi ya kukohoa. Cheka tu, najua unacheka.

Mtihani wa mwisho ulifanyika wodini na mgonjwa wa kweli, mwalimu akiwa amesimama mlangoni na daftari lake. Mimi nilipangiwa fundi wa paa, mtu wa makamo, mpole, aliyelazwa wiki nzima kwa sababu ya presha na siku hiyo alikuwa anaruhusiwa kwenda nyumbani. Daktari bingwa, ambaye wodi nzima humpisha njia, alimweleza habari za vidonge kwa dakika mbili akiwa wima. Akamwuliza kama ameelewa, fundi akajibu ndiyo daktari, na daktari akashika njia. Nikamwomba fundi anieleze atakavyomeza dawa zake. Akaniambia bila wasiwasi wowote kwamba siku za kazi hatazimeza, kwa sababu zinampa kizunguzungu na yeye hushinda juu ya mapaa. Ila Jumapili, siku ya mapumziko, atameza za wiki nzima kwa mkupuo ili kufidia.

Dada, niligeuka haraka. Daktari alikuwa ameshafika kitanda cha tatu. Nikamfuata, nikamsimamisha mbele ya wanafunzi wake, nikamwomba arudi. Alinitazama kama niliyemkanyaga. Akasema ameshaeleza, na mgonjwa mwenyewe amekiri kwamba ameelewa. Nikamjibu kwa adabu zote mlizonilea nazo kwamba fundi ana jambo kuhusu kazi yake, na yeye daktari ndiye pekee anayeweza kulitatua. Nilijua akikasirika cheti changu kimeota mabawa. Akarudi, akavuta kiti, akaketi. Alipousikia ule mpango wa Jumapili alivua miwani. Akakaa na fundi robo saa nzima, akambadilishia dawa, akamwagiza arudi kupimwa baada ya wiki moja na asipande paa kabla ya hapo. Alipoondoka alinipa mkono. Fundi akaniambia kwamba wiki nzima hakuna aliyemwuliza anafanya kazi gani. Nilitamani ungekuwapo. Nilijiona mrefu kuliko mlango.

Mwalimu aliponifuata koridoni kunipongeza, alinikuta nalia. Na hapa ndipo penye jambo lenyewe.

Unakumbuka miaka minne iliyopita nilimpeleka Baba kwa daktari wa macho, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa nyumba. Daktari alisema ni presha ya macho, akaeleza habari za matone harakaharaka, kisha akaniuliza kama nimeelewa. Nikajibu ndiyo, daktari. Sikuwa nimeelewa hata nusu. Niliona haya kuuliza. Nilipofika nyumbani nilikukabidhi ile chupa, nikakuambia uyatie asubuhi na jioni, na chupa ikiisha, dawa imeisha. Hilo la mwisho daktari hakulisema, nililibuni mwenyewe. Dawa ile ilikuwa ya maisha. Wewe ulifanya kama nilivyokuagiza, hukukosa hata siku moja, na chupa ilipoisha ukaacha. Mwaka uliofuata jicho la kulia la Baba likazima.

Kwenye kikao cha familia baba mdogo alikuita mzembe. Ulisema uliambiwa chupa ikiisha basi, ukanitazama. Mimi nikatazama sakafu. Hukunitaja. Baadaye jikoni ukaniambia labda ni wewe uliyechanganya maelezo, nami nikakuacha uamini hivyo. Tangu siku ile Baba hajakuruhusu kugusa dawa zake. Jicho lililobaki hutiwa matone na jirani, ilhali wewe unakaa nyumba ya pili. Hukuchanganya chochote, Dada. Ni mimi. Umebeba mzigo wangu miaka mitatu, na mimi mwenye mdomo mkubwa nikakosa sentensi moja. Nisamehe ukiweza. Naona aibu kuliko ninavyojua kuandika.

Mwalimu aliposikia yote hayo aliuliza tu kama dada yangu anajua.

Juzi nilimpigia Baba. Nilimwomba amwite baba mdogo na simu iwekwe sauti kubwa, nikawaeleza wote wawili kama nilivyokueleza hapa. Nilitaka walisikie kwangu kabla barua haijakufika, usije ukalazimika kujitetea tena. Baba mdogo aliguna, kisha akasema atakuja kwako mwenyewe.  Halafu Baba akaniuliza siku hizi unatoka shuleni saa ngapi, maana matone yake ya jioni hutiwa saa kumi na mbili.

Nisalimie shemeji, na wabusu watoto wote kwa niaba yangu. Usiharakishe kunijibu. Hata ukiandika matusi matupu, nitayasoma mpaka mwisho.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,

Redio