Somo Katikati ya Mashuka

Kwako Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na binti yenu. Sisi huku wazima, ila tumechoka. Mama anaumwa mabega, nami usingizi hunichukua kabla sijamaliza kazi za shule. Tunashukuru, tunaamka.

Nimeamua kuandika kwa sababu mambo mengine hayasemeki kwenye simu Mama akiwa amekaa pembeni.

Tangu shule zifunguliwe, nikitoka darasani napitia kwa Mama kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, nimsaidie kukunja mashuka ndipo turudi pamoja. Siku moja aliniomba nimfundishe Kiingereza. Nilidhani najua sababu: walikuwa wanatafuta msimamizi wa wodi, mtu anayeweza kujieleza kwa Kiingereza. Nikafurahi, nikaona mabega yake yatapumzika.

Vitenzi ndivyo vilivyotutesa. "Bring" na "take" alivichanganya hadi nikakaribia kukata tamaa. Kisha tulipokuwa tukikunja shuka, yeye ameshika ncha zake na mimi zangu, nikamwambia akinijia nalo aseme "bring", akiondoka nalo kwenda kabatini aseme "take". Vikamkaa. "Borrow" na "lend" tulivifanyia kwa vibanio vya nguo, mkono unaopokea na mkono unaotoa. "Say" na "tell" bado vinampiga chenga.

Mwenzake wa kupiga pasi, tunayemwita Mama Mvuke, hututania. Alisema samaki hukunjwa angali mbichi, na huyu wetu ameshakaushwa zamani akawekwa ghalani. Mama akamjibu kwamba shuka likikauka hunyunyiziwa maji likakunjika, na mtu wa pasi ndiye wa kulijua hilo. Mama Mvuke alicheka hadi akasahau pasi juu ya foronya, ikabadilika rangi.

Wiki iliyopita nafasi ya wodi ilipata mtu. Nilimpa Mama pole, machozi yakinilengalenga. Akanitazama kama mtu asiyejua msiba ni wa nani. Akasema hakuiomba, yeye na kusimamia watu, wapi na wapi.

Dada, unakumbuka mara ya mwisho binti yako alipozungumza na Mama, naye akaitikia "yes, yes" akanirudishia simu upesi? Uliniambia labda Mama bado ana kinyongo kwa kuwa uliolewa mbali, na kwamba hutamsumbua tena mtoto. Mama hana kinyongo. Mtoto alimuuliza jambo refu kwa Kiingereza, Mama hakuambulia hata neno, akaona aibu kuwa bibi bubu. Aliniambia haya akiwa ameinua shuka juu, nisimwone uso. Kiingereza chote hiki ni kwa ajili ya mjukuu wake.

Amenikataza kukwambia. Nimeshakwambia.

Jumapili ukipiga, mpe mtoto simu kwanza, na umwombe aseme polepole. Mama ameandaa sentensi moja, anairudia hata akipanga mashuka: "Bring your mother home." Anataka mtoto akulete nyumbani. Nimeisikiliza mara nyingi nikitafuta cha kusahihisha, sijapata. Vitenzi vingine vyote huvichanganya akichoka, lakini hicho cha sentensi hii hajakikosea hata mara moja.

Msalimie sana shemeji, na umkumbatie binti yako kwa ajili ya mama yake mdogo.

Ni mimi mdogo wako,
Mwalimu wa Mama