Nyumba Iliyokataa Mstari

Mukurweini,
Nyeri.
9 Agosti 2024

Mpendwa Ngendo,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumai uko mzima, na baridi ya huko Ujerumani haijaanza. Hapa ukungu umetukalia tangu Julai. Mgongo wangu si mbaya. Baba yako nilimwona kanisani, anakusifu mpaka watu wanamkimbia.

Nakuandikia kwa sababu kwa simu nitakudanganya tena.

Ni ile modeli yako ya maziwa, vile nyumba inaamua ya chai ni ngapi na ya kupeleka sosaiti, kile chama cha kuuza maziwa, ni ngapi. Uliniuliza tuko wangapi, nikasema watano. Ukauliza nani anaamua, nikasema tunaamua pamoja. Juzi ukanitumia ile picha, nyumba zote za hapa zimekaa karibu na mstari wa hesabu yako, yangu peke yake iko mbali kwa kona. Ukaandika, "Baba mdogo, watu watano mnakunywa maziwa ya mtu mmoja? Ama siku hizi ni strungi, chai bila maziwa?" Nilicheka, halafu nikazima simu.

Hesabu yako haina makosa, Ngendo. Ni mimi.

Mwezi wa tano niliuza ule mtamba wa mke wangu Wachuka, ule alilea na chupa. Sikumwambia. Hakunigombeza. Alipanga nguo, akachukua watoto, wakaenda kwa dada yake huko Timau. Baba yako anajua, nilimwomba anyamaze.

Ningejitetea ati sisi watu wa hapa hatupendi kuhesabu watu wa nyumba. Lakini hapana. Niliona aibu kusema mmoja.

Sasa unasema utanitoa kwa hesabu kabla ya kuwaonyesha walimu wako. Usinitoe. Andika mmoja, utaona nitakaa kwa mstari kama wengine. Na pale modeli inachukulia nyumba iko na akili moja, waambie kuna nyumba ilikuwa na akili mbili, na moja haikuulizwa.

Kwa sosaiti wananisifu ati siku hizi naleta maziwa mengi.

Ukiongea na Wachuka, usimwombe arudi. Mwambie tu nimejibu maswali yako tena, na sasa nimejibu ukweli.

Nisalimie ndugu yako Muriithi na Sophie wake. Mungu akushike mkono mbele ya hao walimu.

Wako akupendaye,
baba mdogo,
Kingori